Mgonjwa wa Dukani kwa Twaha

Mkiingia duka la wanyama, wanangu, msianze kwa kumtazama mnyama. Mnyama atawateka. Tazameni kwanza bakuli lake la maji. Mkikuta utelezi pembeni, ule unaoshika kidole, jueni maji hayo hayajabadilishwa tangu juzi na mwenye duka haoni haja ya kuyabadilisha. Kisha vuteni pumzi. Mkojo wa leo una harufu yake, na mkojo wa wiki nzima huchoma macho. Halafu tazameni kucha. Kucha zilizorefuka na kupinda zinasema mnyama hapati pa kutembea. Mkishamaliza hayo yote ndipo mmtazame uso, na hapo mtakuwa mmeshajua kama mbele yenu pana mnyama au pana mtego.

Nayasema haya kwa sababu mjukuu wangu na mwenzake walinijia nyumbani na sungura waliyemnunua Mombasa, masikio yana upele, mgongo umebaki mifupa. Walikuwa na furaha isiyo kifani. "Hawe, tumemwokoa," wakaniambia. Wajukuu huniita hawe, maana ndivyo sisi Wagiriama tunavyowaita nyanya zetu. Nikawapa chai, nikamwosha sungura masikio kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikampaka mafuta. Nilipomaliza nikawauliza: "Na yule aliyetiwa kwenye kitundu chake jioni ile ile, huyo ataokolewa na nani?" Nikawaambia kaeni, chai ingalipo, na mimi kuhusu jambo hili sina haya ya kusema kwamba najua ninachokisema.

Nilikuwa msaidizi katika zahanati ya wanyama hapa Malindi, miaka ya themanini, wakati watalii walipokuwa wakimiminika na mtu akienda Mombasa bado anavuka Kilifi kwa feri. Daktari wetu alikuwa mmoja tu, na ng'ombe wa maziwa wa huko Mariakani walimhitaji kuliko sisi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ilipita Mnarani, kwenye kivuko cha Kilifi, akisubiri feri ije. Siku asizokuwepo, zahanati ilikuwa mikononi mwa Mzee Athmani, na mimi nilikuwa mikononi mwa Mzee Athmani.

Alikuwa Mbajuni. Baba yake alihamia Malindi kutoka visiwa vya kaskazini, na yeye alizaliwa hapa hapa mji wa kale, lakini akikasirika au akifurahi sana maneno ya kwao yalimtoka. Kazi tuligawana kwa amani. Mbwa walikuwa wangu, kwa sababu yeye hakutaka mate ya mbwa yamharibie udhu. Paka walikuwa wake. Mbuzi tulikuwa tukimshika pamoja, na kasuku hakuna aliyemtaka, maana kasuku huuma na kukumbuka.

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzee Athmani alikwenda kuswali akaniachia paka mmoja nimshike hadi arudi. Mimi nimekulia Gede kwa mbuzi. Nikamkamata miguu yote minne kama ninavyomjua mbuzi. Yule paka alipanda mkononi, akapita kichwani, akaruka kwenye rafu ya Daktari, akateremka na chupa za dawa zote za safu ya juu. Mzee Athmani aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya vioo, damu inanitoka shingoni, na paka ananitazama kutoka juu ya kabati.

"Nguvu ni za mbuzi, mwanangu," akasema. "Paka ni taulo."

Akachukua taulo, akalitandaza mezani, akamwita paka kwa sauti ambayo sijapata kumsikia akiitumia kwa binadamu. Paka alipokuja akamviringisha, kichwa nje, kila kitu kingine ndani. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na sijapata kovu jingine. Na kidonge cha paka, kama hamjui, hutiwa ndani ya kipande cha samaki, lakini kipande cha kwanza mpeni kitupu. Akishaamini, cha pili ndicho chenye dawa. Ndio ulaghai pekee ulioruhusiwa katika zahanati yetu.

Nyinyi siku hizi mnatumia bomba la sindano mara moja mkalitupa. Yetu yalikuwa ya kioo, tukiyachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Nilipata kuyasahau motoni nikiongea na mwenye mbuzi mmoja aliyekuwa na maneno mengi kuliko mbuzi wake. Maji yakakauka, mabomba yakapasuka moja baada ya jingine, na yule mwenye mbuzi akatoka mbio akamwacha mbuzi. Tulikaa naye siku mbili. Mbuzi, si mwenyewe.

Sasa nije kwa Twaha. Twaha alikuwa na duka la wanyama kwenye njia ya kwendea mahoteli. Msimfikirie shetani. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye salamu ndefu, anayejua kuuliza hali ya kila mtu wa nyumbani kwako kwa jina. Aliuza njiwa, sungura, kanga wa kufugwa, na alikuwa na kasuku mmoja ambaye hakuuzwa kamwe kwa sababu ya tabia zake. Halafu akaanza kuuza paka.

Tulicheka. Paka wa kuuza, Malindi? Paka wako kila kizingiti, kila soko, kila ukuta wa msikiti. Ukitaka paka unaacha mlango wazi ukikaanga samaki. Mzee Athmani alisema mtu huyu ataanza kuuza mchanga wa pwani sasa. Lakini Twaha aliuza. Wageni wa mahoteli waliingia pale na kutoka na kipaka kifuani, wengine machozi yakiwatoka, na wote walipitia kwetu. Vipaka hao walikuwa taabani: macho yamezibwa na tongotongo, matumbo yamejaa minyoo, ukiwavuta ngozi ya shingo inabaki imesimama badala ya kurudi, dalili ya mwili uliokauka maji. Tuliwatibu. Wale wageni walikuwa watu wema, nasema bila kejeli. Likizo yao ilipokwisha wakapanda ndege wakarudi kwao, na paka wakabaki uani kwetu. Mzee Athmani aliuita ule ua Uwanja wa Ndege.

Mwanzoni sote wawili tuliona ni heri. Paka wa mitaani aliyekuwa hapati dawa sasa anapata. Kilichonifumbua macho ni paka mmoja mwenye sikio lililokatika. Nilikuwa namjua. Alikuwa akishinda soko la samaki, mnene, mkali, mwizi hodari. Siku chache baadaye nikamwona kwenye kitundu cha mbele kabisa dukani kwa Twaha, amekonda, jicho moja limefumba. Nikaingia kumuuliza.

Twaha hakuficha neno. "Bi Riziki," akaniambia, "paka mzima ni wa barabarani, nani atamnunua? Wageni humpiga picha wakapita. Mgonjwa ndiye wa dukani. Na mgonjwa zaidi ndiye wa mlangoni."

"Huwapi maji?"

"Nawapa. Si mengi."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mpishi anayekueleza kwa nini chumvi hutiwa mwishoni. Nilirudi zahanati kwa hasira, nikamweleza Mzee Athmani. Alikuna ndevu. Kisha akasema jambo ambalo mimi sijapata kuona kosa lake mpaka leo: "Basi si yeye anayewatia ugonjwa, Riziki. Ni huruma ya wanunuzi. Yeye anapika tu kile wanachokipenda."

Kuanzia siku hiyo alikataza. Barazani baada ya swala ya laasiri aliwaambia watu wa mtaa wake asiwepo wa kununua paka pale, na kila mgeni aliyetuletea kipaka alimhubiria kwa Kiitaliano chake cha sokoni. Mama mmoja Mwitaliano, aliyekuwa na nyumba yake hapa na ambaye tayari alishanunua paka kadhaa, alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akijua Kiswahili vizuri.

"Nimekuelewa, Mzee," akasema. "Nikinunua, kesho ataweka mwingine. Lakini huyu aliyeko mlangoni leo, yeye hajui habari ya kesho. Nimwambieje huyu?"

"Hilo swali ni la haki," Mzee Athmani akajibu. "Sina jibu lake. Lakini usinunue." Yule mama akaondoka amekasirika, naye akabaki amekasirika, na mimi nikaosha mabomba. Nawaambia mjue kwamba swali hilo lipo, na mtu akikwambia ni jepesi, huyo hajapata kusimama mbele ya kitundu.

Sasa mtaani kwa Mzee Athmani kulikuwa na paka dume mkubwa, mweupe mwenye mabaka ya manjano, aliyeitwa Balozi. Aliitwa hivyo kwa kuwa alikula kila nyumba, aliheshimiwa kila nyumba, na hakuwa wa nyumba yoyote. Asubuhi kwa huyu, mchana kwa yule. Usiku tu ndio alikuwa na mahali pamoja: kibarazani kwa Mzee Athmani, juu ya mkeka. Aliyemzoesha pale ni marehemu mkewe Mzee, ambaye kila jioni alimwekea utumbo wa samaki. Mke alipofariki, Mzee aliendelea kumwekea. Hakuzungumza sana juu ya mkewe, lakini juu ya Balozi alizungumza kila siku, na mimi nilikuwa na akili ya kutosha kuelewa.

Mnajua ninakokwenda. Balozi alipotea. Tukamtafuta jioni mbili, Mzee akipita vichochoroni na sahani. Asubuhi ya tatu, nikienda kazini, nilimwona mlangoni kwa Twaha. Macho yote yamezibwa, puani kamasi, na kitundu chenyewe kidogo, hawezi kugeuka. Hakunijua. Nikakimbia.

"Mzee, shikamoo. Nimemwona Balozi."

Hakuitikia hata marahaba. Alinitazama usoni akajua paka yuko wapi.

"Nimnunue mimi," nikasema. "Wewe hutakuwa umenunua. Twaha hatajua ni kwa ajili yako. Yaishe."

"Atajua. Na watu watajua." Akavaa viatu. "Nikimkomboa Balozi, mwanangu, kesho atakamatwa paka wa Bi Amina, keshokutwa wa msikitini, na kila mtu atakuja na pesa yake analia. Huyu kijana atakuwa amegundua biashara nzuri kuliko ya wageni."

Tulikwenda pamoja. Twaha alimsalimu kwa heshima zote, akamuuliza afya, akamvutia kigoda. Mzee alikuwa amesimama mbele ya kile kitundu, na niliona vidole vyake vikipita kwenye waya.

"Huyu paka ni wa kwetu, Twaha."

"Mzee wangu, paka wa mtaa hana mwenyewe. Wewe mwenyewe huyasema hayo barazani. Kama unamtaka mimi sitakuzidishia, utamnunua kwa bei ya jirani."

"Simnunui."

"Basi kumgusa sitaruhusu, unisamehe. Hata dawa usimtie. Kugusa ni kwa mnunuzi. Kutazama tu, hilo halina gharama."

Mzee Athmani akaketi kwenye kile kigoda, akapanga kanzu yake magotini.

"Vyema," akasema. "Nimekuja kumtazama mgonjwa."

Wanangu, nyinyi mmekulia pwani, mnajua maana yake. Mtu akiugua kwetu, huendi nyumbani kwake ukachungulia ukatoka. Unaketi. Unauliza ameamkaje, amekula nini, usiku umepitaje. Unasema Mungu atamponya. Ananyamaza huyu, anaanza yule. Akija mwingine unasogea, hutoki. Na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumwambia mtu aliyekuja kutazama mgonjwa kwamba sasa inatosha. Twaha alicheka, akadhani mzee atachoka. Mimi nilikwenda mtaani kumwambia Bi Amina, jirani yake Mzee, kwamba Balozi ni mgonjwa, yuko dukani kwa Twaha, na Mzee yuko naye peke yake. Sikuongeza neno, na halikuhitajika.

Saa nne Bi Amina aliingia na mkeka wake na chupa ya uji. Nyuma yake akaja shoga yake, na dada wa shoga yake. Mchana wakaja wanaume kutoka msikitini, wavuvi wawili ambao Balozi aliwaibia miaka nenda miaka rudi, na mwalimu wa chuo cha Kurani. Wakaketi chini, wakaegemea magunia ya mtama wa njiwa. "Ameamkaje mgonjwa?" "Alhamdulillahi, hivyo hivyo." "Amekula?" "Hapati nafasi ya kula." "Haya, Mungu ni mwema." Wageni wa mahoteli walifika mlangoni, wakaona mabuibui na kanzu mpaka kizingitini, wakadhani kuna msiba, wakavua kofia na kurudi. Mmoja aliniuliza nani amefariki. Nikamwambia bado.

Twaha alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na hapo ndipo alipokwama. Hawezi kuwafukuza. Hawezi hata kukaa bila kuwapa kahawa. Siku ya kwanza aliagiza kahawa mara mbili. Siku ya pili aliwapa kahawa akiwa amenuna. Siku ya tatu watu walikuwa wengi mpaka kasuku akaacha kutukana. Kila jioni wakiondoka Mzee Athmani alikuwa wa mwisho kuinuka, akimwambia yule paka "tutaonana asubuhi," na mimi nikimtazama Balozi niliona jambo ambalo sikuthubutu kulisema: ufizi wake ulikuwa unabadilika, kutoka wekundu kwenda weupe. Mnyama akifika hapo anahitaji maji ya mshipa. Daktari alikuwa Mariakani, na sisi kumgusa hatukuruhusiwa. Mzee aliuona ule ufizi kabla yangu.

"Mzee," nikamwambia njiani, "hana siku nyingi."

"Nna mato, mwanangu. Naona. Na wale wengine kumi na kitu walio nyuma yake, hao nao wana siku ngapi?"

Siku iliyofuata uvumi ulikuwa umeshafika Mambrui. Mji huu husikia nusu. Kilichofika ni kwamba kuna mgonjwa dukani kwa Twaha, hali mbaya, watu wamejaa mpaka nje. Basi mama yake Twaha, anayeishi huko, akapanda gari la kwanza. Tulimsikia kabla hatujamwona. Aliingia akilia, kanga kichwani, akiwapita watu, "Mwanangu yuko wapi, amepatwa na nini?" Na mwanawe akasimama nyuma ya meza mzima kabisa, na birika la kahawa mkononi.

"Mama, mimi siumwi."

"Mgonjwa ni nani basi?"

Bi Amina alisogea kidogo ili aone. Yule mama akatazama kitundu cha mlangoni, akatazama vile vya nyuma yake, kimoja kimoja, hadi ukutani. Alikuwa mama wa pwani kama wengine, amelea paka maisha yake yote. Alikaa chini mkekani. Akafuta macho, akamgeukia Mzee Athmani kama inavyotakiwa.

"Wameamkaje wagonjwa?" akauliza.

Twaha aliweka birika chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na sitasema niliona raha, maana ni vibaya kumwona mtu akiaibika mbele ya mama yake. Alikuja mpaka mlangoni, akafungua kitundu cha Balozi, akaacha mlango wazi.

"Mchukue, Mzee. Sitaki kitu. Mchukue, mwende nyote."

Na mimi niliinuka. Nilikuwa na taulo begani, nililibeba siku zote zile. Hatua mbili tu zilinitenganisha na yule paka. Mzee Athmani alinyoosha mkono akanishika nguo.

"Hatukuja kuchukua, mwanangu," akamwambia Twaha. Sauti yake ilikuwa haina nguvu. "Tumekuja kutazama. Na wagonjwa wangali wengi."

Balozi alikuwa amelaza kichwa kwenye kizingiti cha waya, hakuwa na nguvu ya kutoka. Mzee alikuwa na uwezo wa kumgusa bila kuinuka. Lakini hakuiachia nguo yangu. Nilimchukia wakati ule, niwaambie kweli. Kisha Twaha akaanza kufungua. Cha pili, cha tatu, vyote. Baadhi ya paka walitoka wakakimbia, wengine walibaki wameduwaa, na wale waliokuwa hoi Bi Amina na wenziwe wakawapakata.

"Na huyu nimfanyeje?" Twaha akauliza, yuko chini mbele ya Balozi.

"Taulo hilo," Mzee akasema. "Kichwa nje. Mkono mmoja chini ya kifua. Mchukue wewe."

Twaha alimbeba mwenyewe mpaka zahanati, mbele ya mji mzima, mama yake akimfuata. Tulimtia maji ya mshipa, tukamsafisha macho, tukafanya yote tunayoyajua. Twaha alikaa naye mpaka magharibi. Na nimtolee ushahidi: hakuuza paka tena. Sungura na njiwa aliendelea nao, na nilikuwa nikipita kuchovya kidole katika maji ya wanyama wake bila kupiga hodi. Uwanja wetu wa Ndege ulijaa wiki zile kuliko wakati wowote, kisha ukapungua, kisha ukawa na kuku wa Daktari tu.

Kwa hiyo mkiniuliza, jibu langu ni moja. Msinunue. Mkiona mnyama anateswa dukani, nendeni mkae. Semeni kwa adabu, kwa majina, mbele za watu. Mleteeni mwenye duka majirani zake, mwalimu wake, mama yake. Mfanyeni aone haya, kwa sababu haya ndiyo dawa pekee ambayo hawezi kuirudisha mezani akaiuza. Huruma yenu akishaipata mkononi anaigeuza sarafu na kufungua kitundu kingine. Sijapata kubadili neno hilo, na nimeishi miaka mingi ya kulifikiri.

Balozi alikufa siku ya pili, kabla Daktari hajavuka feri.

Tulimzika kando ya ukuta wa zahanati. Mzee Athmani alichimba mwenyewe, akakataa nimpokee jembe. Alipomaliza kufukia akakaa pale pale juu ya mchanga, kanzu imechafuka.

"Riziki. Tungemnunua siku ile ya kwanza, angepona?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mwenye mnyama hadanganywi. "Angepona, Mzee."

"Na ingelikuwa leo, tungemnunua?"

"Tusingemnunua."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, taratibu. "Hata mimi nasema hivyo hivyo," akajibu. "Basi ingia ndani, mwanangu. Niache nilie."

Nikaingia. Nikafunga mlango, nikaketi sakafuni upande wa pili, na nikangoja naye mpaka alipomaliza.